Chai Itakuja Baadaye: Namuria na Wakimbiaji wa Tarach

Mgeni rasmi, Mheshimiwa Waziri wa Michezo wa Kaunti. Wazee wa Kakuma. Viongozi wa kambi na wa Kalobeyei. Wazazi wetu, na nyinyi mmesimama huko nyuma juani kwa sababu viti vimeisha, tunawasalimu: ejok. Ejok-noi.

KUKUKARIBISHA

Sisi wakimbiaji wa Tarach tumefurahi umekuja. Wengi huahidi kuja na wanaishia Lodwar. Wewe umekula vumbi yote mpaka hapa, gari yako nyeupe imekuwa rangi ya ngamia, na tumejisikia watu.

Lakini kwanza tuongee mambo ya chai. Tumeona vile umekula ukamaliza, na tumeona vile umeangalia ile birika kubwa pale kando ya moto. Birika iko, moto uko, maziwa iko, na hakuna mtu amekumiminia. Mzee mmoja hapa mbele ameshanong'onezea mwenzake kwamba hawa vijana hawana adabu. Kwa Waturkana, kwa Wakongo, kwa watu wa Sudan Kusini, mgeni akikosa chai ni kama ametukanwa mbele ya watoto. Tunajua. Hatujakutukana. Chai itakuja hii risala ikiisha, na ndio maana tumeiandika ndefu.

Umekula maini ya mbuzi, umekula maharagwe na sukuma, na umekamulia ndimu juu kama tulivyokuonyesha. Tukikuwekea chai juu ya hiyo chakula sasa hivi, nusu ya kazi tuliyofanya jikoni itakuwa bure. Hiyo ndiyo habari yetu yote, Mheshimiwa. Iliyobaki ni kueleza ilitufikia aje, na nani alikuwa karibu atupotee kabla ifike.

KLABU ILITOKA WAPI

Klabu ilianzia kwa mchanga wa mto Tarach. Huo mto unaujua, maji hupita mara chache na kwa hasira, siku zingine zote ni mchanga mtupu. Upande mmoja mji, upande mwingine kambi. Vijana wa mji walikuwa wanakimbia upande wao, wakimbizi upande wao, na kila upande ulikuwa unasema ule mwingine ni waoga. Kochi Duop, aliyeingia Kenya kwa miguu kutoka Sudan Kusini akipitia mpaka wa Nadapal, ndiye alisimama katikati ya mchanga siku moja akatuita wote. Alisema mtu akitaka kumwonyesha mwenzake kuwa ni mwoga, amwonyeshe hapa kwa mbio, mdomo upumzike. Tukaonyeshana. Tukachoka vibaya. Tukaanguka chini pamoja, na tulipokuwa chini Mama Céline akaja na chai.

Mama Céline ni yule amejifunga kitenge ya njano. Usijifiche, mama. Ni mtu wa Bukavu, ako na kibanda cha maandazi karibu na kambi, na mtoto wake Boris ni mkimbiaji wetu. Aliona vijana wamelala mchangani wakihema kama samaki, akaona aibu kwa niaba ya mama zao. Tangu hiyo siku kila mazoezi ikiisha birika ilikuwa inangoja: majani mengi, maziwa mengi, tangawizi, sukari ya kusimamisha kijiko. Mbio zilituchosha tu. Chai ndiyo ilitufanya klabu. Mturkana na Mkongo na Mnuer wa Sudan Kusini wakipokezana kikombe hawawezi kupigana, mkono mmoja uko na kazi.

NAMURIA

Namuria ndiye yule amechutama kando ya birika. Ataletwa mbele wakati wake.

Alitoka Kaaleng, kwa wafugaji. Huko alikula vile wafugaji wanakula: maziwa, nyama siku ya nyama, na damu ya ng'ombe ikitolewa shingoni. Alipokuja Kakuma kukaa kwa shangazi yake na kusoma, akaanza kula vile mji unakula. Ugali, maharagwe, sukuma, na chai juu ya kila kitu. Siku ambazo mboga imekosekana, chai ndiyo ilikuwa mboga.

Kochi Duop alimwona asubuhi moja akipita wavulana wetu kwa mchanga, mfuko wa vitabu mgongoni. Hakuwa anashindana nao. Alikuwa amechelewa shule. Kochi akamfuata mpaka kwa shangazi, akaomba huyo mtoto kama mtu anayeomba mke, na shangazi akamjibu kwamba anaweza kumchukua bora arudi kabla ya kuni kuisha. Haikupita muda hakukuwa na msichana wa kumsumbua Kakuma, halafu hakukuwa na wa kumsumbua Turkana Magharibi nzima. Akachukuliwa timu ya kaunti. Alikuwa wa kwanza kutoka kwetu, mvulana au msichana.

Halafu ikaja mbio ya mwaka jana Lodwar.

Namuria alikuwa ameshaanza kuchoka wiki nyingi kabla, na hakusema. Akipanda tu ukingo wa mto moyo ulikuwa unapiga kama umekimbizwa na fisi. Alikuwa anasimama, anajifanya anafunga kamba ya kiatu. Na kwa mfuko wake kulikuwa na odowa, yale mawe ya udongo wanawake wenye mimba hununua sokoni wakala. Hakujua kwa nini anayataka. Aliyataka kama mtu wa kiu anataka maji, na alikuwa anakula akijificha kwa sababu aliona haya.

Siku ya mbio alianza vizuri, mbele ya wote. Mizunguko ya mwisho miguu ikawa kama imefungwa kwa mchanga uliolowa. Masikio yakaanza kulia. Aliona mstari wa mwisho, na ule mstari haukuwa unakuja. Wasichana wakampita, mmoja, mwingine, na hao walikuwa ni watu ambao hajawahi kuona migongo yao. Alimaliza akitembea. Alipokaa chini mfuko ukafunguka na odowa ikamwagika mbele ya jukwaa lote.

Basi. Kwa midomo ya jukwaa, msichana anayekula udongo ni msichana mwenye mimba. Mwanamke mmoja alisema, akihakikisha amesikika, kwamba siku hizi wasichana wa kambi wanaletwa kukimbia wakiwa wawili wawili. Watu wakacheka. Namuria si hata wa kambi, lakini mdomo ukishafunguka hauulizi kwenu ni wapi. Yale maneno yalikimbia kuliko yeye, yakafika kwa wanaochagua timu, na jina lake likatolewa. Hakuna aliyempima. Hakuna aliyemuuliza. Tuliambiwa ni mambo ya mwenendo.

DAWA NA BIRIKA

Kochi Duop hakubishana na mtu. Alimpeleka kliniki ya hapa Kakuma apimwe. Mimba hakuna. Damu ndiyo haikuwepo. Iliyokuwepo ilikuwa nyepesi kama juisi ya mgeni wa tatu. Akaandikiwa tembe za madini ya chuma, akaambiwa ameze kila siku atapona.

Hapo sasa klabu ikaamua huyu mtoto lazima apone. Mama Céline akashika usukani. Kwao dawa kali haimezwi na maji baridi, ni ukatili. Alimwita Namuria akamwambia, "Mutoto wangu, ile dawa iko kali. Inakunywaka na chai ya maziwa, tumbo inatulia."

Akamtafutia kikombe chake mwenyewe, kikubwa kuliko vyetu, majani zaidi, maziwa zaidi. Kila mazoezi ikiisha tulikaa mduara. Namuria anaweka tembe kwa ulimi, anainua kikombe, anakunywa mpaka chini, na sisi tunapiga makofi. Hakuna mtu alikosa. Hata wale hawapendi kupiga makofi walipiga.

Miezi ikaenda. Tembe zinaingia, nguvu haiji. Boris akamtania kwamba ameshameza chuma ya kutosha kuezeka nyumba, mbona bado anakimbia kama mtu anasukuma baiskeli ya mkaa. Namuria alicheka na sisi tukacheka. Siku iliyofuata hakuja mazoezi. Alikuja baadaye watu wakiwa wameanza kutawanyika, viatu vyake vya mbio vimeoshwa, kamba zimefungwa pamoja, akampa Boris.

"Ukikata hapo mbele zitakutosha," alimwambia. "Mimi narudi Kaaleng. Mbuzi hawaulizi mtu mbona amechoka."

Boris alivipokea kwa mikono miwili.

Kochi Duop alimwomba kitu kimoja kabla aende: apimwe tena, sasa kwa hospitali kubwa Lodwar, halafu akitaka Kaaleng aende Kaaleng. Kochi mwenyewe hakuweza kumpeleka, sababu tutaisema kwa changamoto. Akaenda na shangazi, na alienda tu ili kochi asiumie roho. Nguo zake za Kaaleng zilikuwa zimeshafungwa.

Lodwar walikutana na Madam Akeno, mtaalamu wa lishe. Alisoma majibu ya maabara, akamwambia akiba yake ya chuma mwilini imekwisha kama debe limekauka mpaka kutu. Akamuuliza kama anameza tembe. Namuria akasema kila siku, hajaruka hata moja. Akamuuliza wakati gani. Akasema baada ya mazoezi. Akamuuliza anameza na nini.

Namuria akainua uso, maana hilo ndilo swali alijua amelifanya vizuri. "Na chai ya maziwa. Kikombe kubwa."

Madam Akeno akaweka kalamu chini.

"Nani anakupea hiyo chai?"

"Mama Céline."

"Anakupenda, huyo mama."

"Sana."

"Mwambie mapenzi ingoje lisaa limoja."

Halafu akawaeleza, yeye na shangazi, polepole, na tunakueleza vile tulielezwa. Majani ya chai yanashika chuma tumboni isiingie kwa damu, na maziwa nayo inasaidia kuizuia. Dawa inapita tu inatoka, kama abiria amelala akapita kwao. Tena mwili uliotoka kukimbia sana unafunga mlango wa chuma kwa masaa kadhaa, kwa hivyo Namuria alikuwa anagonga mlango umefungwa, na bado anagonga akiwa na chai mkononi. Mkimbiaji anapoteza chuma kwa jasho, anapoteza kwa miguu kugongagonga chini, na msichana anapoteza zaidi kila mwezi, na hilo tunalisema hapa mbele ya wazee bila kuinamisha kichwa kwa sababu ndilo lilitaka kummaliza. Tembe imezwe asubuhi kabla ya mazoezi, na maji yenye ndimu. Chai ikae mbali na dawa na mbali na chakula, lisaa limoja au zaidi. Maharagwe na sukuma ziko na chuma lakini ni bahili. Ndimu au ukwaju ndiyo inazifungua mkono. Nyama na maini hazihitaji kubembelezwa sana. Na ile hamu ya odowa haikuwa aibu. Ilikuwa ni damu inalia njaa, na ule udongo nao ulikuwa unaiba hata chuma kidogo iliyobaki.

Shangazi aliuliza kama basi mtoto arudi tu Kaaleng akanywe damu ya ng'ombe. Madam Akeno alisema ikipikwa vizuri hana shida nayo, mbichi asiulizwe tena.

Kurudi ilikuwa rahisi. Kumwambia Mama Céline ndiyo ilikuwa kazi. Kochi Duop, aliyevuka mpaka kwa miguu, aliogopa. Tulimsukuma Boris, akasema yeye analala kwa huyo mama na anakula kwa huyo mama, tutafute mtu mwingine. Mwishowe Namuria akasimama mbele ya birika, watu wote wanaangalia miguu yao.

"Mama, usinikasirikie. Chai yako ndiyo inamaliza dawa yangu."

Mama Céline aliinua birika, akamwaga chai yote kwa mchanga, mpaka tangawizi, akaenda.

Mheshimiwa, hapo ndipo tuliona klabu inaweza kufa. Mazoezi ilikuwa inaisha na hakuna anayejua aangalie wapi. Wa mji wanavuka kwenda mji. Wa kambi wanarudi kambi. Siku chache tu, na ile maneno ya waoga ikaanza tena, kwanza kama mchezo. Namuria alikuwa anameza tembe yake asubuhi na ndimu kama alivyoambiwa, peke yake, na kila akimeza alikuwa anaona ni yeye amevunja nyumba ya watu. Zile nguo hakuzifungua. Alijiambia akimaliza pakiti anaondoka.

Hakuondoka. Asubuhi moja tulipofika mchangani Mama Céline alikuwa ametutangulia. Ako na mfuko wa ndimu za mashamba ya Katilu, nusu zimeshakatwa, na birika ameipindua chini juu, yeye amekaa juu yake kama askari wa benki.

Alimwambia Namuria, na sisi tukisikia, "Miye nilifikiri munanifukuza. Kumbe munaniambia ningoje. Kungoja ninajua, mutoto. Miye mukimbizi."

Kutoka hapo hakuna sheria Kakuma inashikwa kama hiyo. Birika haiguswi mpaka lisaa liishe tangu mtu wa mwisho ameze dawa au ale. Kochi Duop alijaribu siku moja kuchungulia majani, akakimbizwa na mwiko mpaka ng'ambo ya mto, na tukaona kumbe bado ako na mbio. Na hilo lisaa lenyewe, ambalo zamani tulikuwa tunanyamaza tukinywa, sasa lina maneno. Tunafundishana. Wa Kongo wanatuimbia, sisi wa mji tunawakosoa Kiturkana yao. Hii risala imeandikwa ndani ya hilo lisaa, mtu mmoja akisema na wengine wakikataa.

MAFANIKIO

Nguvu haikurudi siku moja. Ilirudi kama mbuzi aliyepotea, unasikia kwanza kengele mbali. Namuria alipanda ukingo wa mto bila kusimama na hakugundua mpaka Boris alipomwambia. Kucha zake zikapata rangi. Siku nyingine alishika mawe ya odowa chini ya mfuko, ya zamani, yamekauka, akashangaa kweli haya aliyatakia nini. Alipopimwa tena Madam Akeno alimpigia kochi simu mwenyewe.

Tusikudanganye kwamba sote tulikuwa na akili. Boris aliona Namuria anapaa, akadhani tembe ndizo mabawa, akaanza kuzimeza bila kupimwa. Tumbo likamfundisha. Madam Akeno naye akamfundisha kwa simu, kwa sauti ya mama mkwe: hizo ni dawa, mtu anapimwa kwanza, na chuma ikizidi inaharibu kama ile imepungua. Boris amekubali tuliseme hili mbele yako kama tutasema pia kwamba yeye ni hodari wa mita mia nane. Ni hodari.

Na ni Boris huyo, kabla ya mbio ya mwaka huu, alienda chini ya kitanda chake akatoa viatu. Kamba zimefungwa vilevile. Hakukata mahali.

"Zilikuwa zinanibana," akamwambia.

Hajawahi kuzivaa.

Mheshimiwa, ulikuwa Lodwar hiyo siku lakini ulikuwa umeketi na wakubwa, pengine hukuona vizuri. Jua lilikuwa limewaka mpaka rangi ya uwanja inanata. Mstarini kulikuwa na wasichana wa timu ya kaunti wamevaa sare mpya, na mmoja wao ndiye alikalishwa kwa nafasi ya Namuria. Namuria alivaa fulana yetu, ile Mama Céline ameshona namba kwa uzi wa kitenge. Bunduki ikalia. Alikaa nyuma yao mzunguko kwa mzunguko, mdomo umefungwa, anahesabu migongo. Alikuwa anangoja ule mchanga uliolowa. Anaujua mahali unaanzia, kwa mapaja, halafu masikio. Mzunguko ukaisha haujaja. Mwingine ukaisha haujaja. Akajiuliza kama unajificha. Kengele ya mzunguko wa mwisho ikapigwa, masikio yake yakasikia kengele tu, na hapo ndipo alielewa kwamba miguu ni yake.

Akaenda. Wale wenye sare waligeuza kichwa kumtafuta kushoto, na yeye alikuwa ameshapita kulia. Mstari wa mwisho safari hii ulikuja wenyewe. Alipokata utepe, wa pili alikuwa bado anatoka kwa kona, na Namuria alisimama pale akiangalia mikono yake kama mtu amepewa kitu asichoagiza.

Yule mwanamke wa mwaka jana alikuwepo jukwaani. Sauti ni ileile. Aliuliza watu, kwa furaha kabisa, huyu ni mtoto wa nani.

Boris akamgeukia. "Wa Kaaleng, na wa Tarach. Na leo ako peke yake, mama. Angalia hata nyuma yake, hakuna mtu."

Jukwaa lilicheka. Safari hii lilicheka upande wetu.

CHANGAMOTO

Hatutakulilia, tumeshinda. Lakini kuna mambo yanauma na tutayasema.

Kochi Duop hajawahi kumwona Namuria akikimbia Lodwar. Ni mkimbizi, anahitaji ruhusa kutoka kambini, na mbio zote mbili ruhusa haikuwa imefika. Boris alipata yake mwaka huu. Kochi alisikiliza ushindi kwa simu ya Boris, na Boris alikuwa anapiga kelele hakuna kitu ilisikika. Mtu aliyepika hiyo mbio ameionja kwa harufu.

Kipimo cha akiba ya chuma hatuna hapa, mpaka Lodwar. Msichana anaweza kukauka kidogokidogo mwaka mzima na sisi tunamwita mvivu. Kuna wengine sasa hivi wanafunga kamba za viatu ambazo hazijafunguka. Tumeanza kuwaona, kwa sababu sasa tunajua kuangalia, lakini macho si maabara.

Chakula cha kambi kimepunguzwa, na nyama kwa familia nyingi ni habari ya Krismasi. Ndimu zinatoka Katilu na zikifika hapa barabara imeshazila nusu.

Na changamoto ya mwisho imekaa kando ya birika. Ameshinda, kila mtu ameona, na bado hayuko kwa timu inayoenda Nairobi. Tulipouliza tukaambiwa timu ilishapangwa, na kwamba jina lake liko na swali tangu mwaka jana. Hilo swali limejibiwa, Mheshimiwa. Lilijibiwa kliniki, likajibiwa Lodwar na maabara, likajibiwa tena na saa ya mbio. Halina tena mtu wa kuliuliza isipokuwa aliyezoea tu kuliuliza.

MAOMBI

Tunaomba wakimbiaji wa kaunti, wa mji na wa kambi, na wasichana kwanza, wapimwe damu na akiba ya chuma kila msimu unapoanza, kabla mtu hajaanguka mbele ya jukwaa. Tunaomba Madam Akeno aletwe Kakuma azungumze na shule na akina mama, maana birika ziko nyingi na mapenzi ni mengi. Tunaomba gari linalotoka Katilu na mboga na ndimu lifike huku likiwa na kitu. Tunaomba utusemee kochi apate ruhusa mapema, aone na macho yake.

Kwa Namuria hatuombi huruma. Huruma alipewa kikombe kizima kila siku, nusura imuue. Tunaomba nafasi yake. Basi la timu linaondoka Lodwar keshokutwa, wewe ndiye unasema nani anapanda, na viatu viko kwa mfuko, mfuko uko kwa mlango wa shangazi. Mama Céline ameshakaanga maandazi ya njia, na ndani ameweka karatasi ya kusema zisiliwe na chai.

KUMALIZIA

Sasa, Mheshimiwa, lisaa limeisha. Umeona Mama Céline ameinuka, birika iko kwa moto, na hiyo harufu ni ya tangawizi. Tumekuchelewesha kwa nia nzuri, na yale maini uliyokula yameshaanza kazi yake.

Namuria, sasa kuja. Lete kikombe ya mgeni. Ile kubwa.

Anayekuja ndiye yeye, Mheshimiwa. Hukumjua alipokuwa anakimbia kwa sababu ulikuwa mbali. Sasa ako karibu kama mkono wako. Pokea chai, mwangalie usoni, halafu, kabla ya kunywa au baada ya kunywa, utuambie kama anapanda.

Mungu akupe damu nzito na njia nyepesi. Akutunzie watu wa kukungoja na wa kukuchemshia. Akurudishe Lodwar salama, na ukirudi usirudi na viti vitupu kwa gari.

Ni sisi, wa mji na wa kambi, pande zote mbili za mchanga,

Klabu ya Wakimbiaji wa Tarach, Kakuma.

Imesomwa na Ekwam, kwa niaba ya wote.